UZI MAALUMU: Kangaruu wanaoishi juu ya miti, maisha yao msituni na wanakijiji waliowanusuru

Mwanamisitu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wengi wetu tukisikia kangaruu picha inayokuja ni ya mnyama mrefu anayeruka kwenye nyika kavu ya Australia. Leo nawaletea jamaa zake ambao nyika hawaijui kabisa. Hawa wanazaliwa juu ya mti, wanakula juu na wanalala juu, kwenye misitu ya mvua ya kisiwa cha New Guinea na kipande kidogo cha kaskazini ya Queensland. Jenasi yao inaitwa Dendrolagus. Wapo spishi 14 hivi. Mbili tu ndizo za Australia, nyingine zote ni za New Guinea, upande wa nchi ya Papua New Guinea na upande wa Indonesia.

Nimeamua kuleta uzi huu kwa sababu habari zao kwa Kiswahili ni chache mno, na kwa sababu katika kisa chao kuna jambo linalonigusa sana: pale walipoponea chupuchupu, waliowaponya ni wanakijiji wenye msitu wao wenyewe, tena wengi walikuwa wawindaji. Nitafika huko. Kwanza tumjue mnyama.

Mababu wa kangaruu wote walikuwa wanyama wadogo wa mitini. Wakashuka, miguu ya nyuma ikarefuka, wakawa warukaji wa ardhini. Baadaye sana ukoo mmoja ukarudi juu. Ndugu zao wa karibu walio hai leo ni wale kangaruu wadogo wa majabali, ambao kutwa kucha wanaparamia magenge ya mawe, kwa hiyo si ajabu kwamba damu hiyo ndiyo iliyojaribu mashina. Mwaka 2002, ndani ya mapango ya uwanda wa Nullarbor kusini mwa Australia, ilipatikana mifupa ya kangaruu wa mitini wa kale wa jenasi Bohra, wakubwa kuliko hawa tulionao. Nullarbor ya leo ni tambarare kavu isiyo na miti. Mnyama yule na vidole vyake vya kukwea ni ushahidi kwamba zamani palikuwa na miti ya kukwewa.

Sasa tazameni mwili wake, maana hapa ndipo penye utamu. Kangaruu wa ardhini ana miguu mirefu na mikono mifupi. Huyu mikono imerefuka, imejaa misuli na ina kucha ndefu zilizopinda. Nyayo za nyuma zimekuwa fupi na pana, na chini zina nyama laini yenye vijinundu inayong'ang'ania gome hata likiwa limelowa. Na kubwa kuliko yote, anapiga hatua! Kangaruu wa kawaida akiwa nchi kavu miguu yake ya nyuma huenda pamoja, hawezi kutanguliza mmoja. Wa mitini anaweza: anatembea juu ya tawi, na akitaka anarudi kinyumenyume.

Akipanda, analikumbatia shina kwa mikono kisha anajisukuma kwa miguu ya nyuma. Akishuka, mkia ndio unatangulia. Mkia wenyewe ni mrefu sana lakini haushiki tawi. Kazi yake ni mizani tu. Akishtuliwa hasubiri kushuka, anaruka. Kutoka mti huu kwenda ule ulio chini yake huruka mita 9, na wameshuhudiwa wakijitupa hadi ardhini kutoka mita 18 na kuondoka wazima.

Jambo moja zaidi la mwili. Mvua ikinyesha, anajikunja akaficha kichwa katikati ya miguu, mabega yakabaki kuwa sehemu ya juu kabisa. Sasa manyoya yake yanaanzia hapo mabegani na kugawanyika: ya shingoni yanaelekea kichwani, ya mgongoni yanaelekea nyuma. Maji yanateleza pande zote mbili kama kwenye paa la makuti, na ngozi inabaki kavu. Msituni kule mvua inaweza kunyesha siku nzima, kwa hiyo hilo si pambo.

Naendelea, ila maswali karibuni.

Binti wa Pangani

Shusha vitu mkuu, nimeweka kambi hapa. Swali langu: kwa nini huko kazi ya kupanda miti ikamwangukia kangaruu? Kima na mbega wao wako wapi?

Mwanamisitu

Dada, hilo swali ndilo lenyewe. Hawapo. New Guinea na Australia hazina kima wa asili hata mmoja. Kati ya Asia na New Guinea kuna bahari yenye kina kirefu ambayo haikukauka hata nyakati za barafu, maji ya dunia yaliposhuka. Mwanasayansi Mwingereza Alfred Russel Wallace aliliona hilo katika karne ya 19 alipozunguka visiwa vile: upande mmoja kuna kima na chui, ukivuka unakuta wanyama wenye mfuko. Ukielekea mashariki, kima wanaishia Sulawesi na visiwa vya jirani.

Kwa hiyo kule juu kulikuwa na majani tele, na mla majani mkubwa hakuna. Kwetu Udzungwa mchana nafasi hiyo inashikwa na mbega, na usiku perere anatoka na kelele zake. Kule New Guinea akaishika kangaruu.

Lakini majani ni chakula kigumu. Nguvu yake ndogo, na miti mingi huyajaza sumu ili yasiliwe. Tumbo la kangaruu huyu ni kubwa, chakula kinachachushwa kwanza na bakteria kabla ya kumeng'enywa. Mwili nao unabana matumizi: kangaruu wa Matschie, yule wa rangi ya kahawia nyekundu na tumbo la manjano, amepimwa na kukutwa anatumia nishati kidogo kuliko inavyotarajiwa kwa mnyama wa uzito wake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya siku anakaa tu kwenye panda ya tawi, amejikunja. Mtu anaweza kupita chini asijue kuna kitu. Mbali na majani hula matunda, maua, okidi, kangaga na magome.

Kuzaa pia ni polepole. Mimba ya kangaruu wa Matschie huchukua siku 44 hivi, na hiyo ni ndefu kuliko ya wanyama wote wenye mfuko. Anazaliwa mtoto mmoja, ukubwa wa harage, hana manyoya wala macho, na anajivuta mwenyewe kwenye manyoya ya mama mpaka aingie mfukoni. Hukaa humo karibu miezi 10. Hata akitoka anaendelea kumfuata mama mpaka afikishe kama mwaka na nusu, akijifunza tawi lipi linabeba na jani lipi linalika. Pigeni hesabu wenyewe: mnyama wa namna hiyo ukimuua jike mmoja, pengo lake halizibiki mwaka unaofuata.

Mzee wa Rungwe

Mwanangu, nimekusoma vizuri. Nina neno. Mimi nimekulia pembezoni mwa msitu, najua maana ya kulala na ugali mtupu wakati nyama inapita kwenye miti. Umesema wawindaji ndio wamewanusuru hao wanyama. Mwindaji haachi kuwinda kwa sababu amehubiriwa. Walikubalije?

Mwanamisitu

Shikamoo mzee wangu. Umegusa penyewe, na hapa niruhusu niwe mrefu kidogo.

Kule Papua New Guinea karibu ardhi yote, kama asilimia 97, ni mali ya koo kwa mila. Serikali haiwezi kuchora mstari kwenye ramani ikasema hapa ni hifadhi, tokeni. Asiyekubaliana na ukoo hana pa kukanyaga. Wengine wanaona huo ni mkwamo. Mimi naona ndio uliosaidia, kwa sababu kila aliyetaka kuokoa wanyama hawa alilazimika kukaa chini na wenye msitu na kuwasikiliza.

Chukua milima ya Torricelli, kaskazini magharibi mwa nchi. Huko yuko kangaruu anayeitwa tenkile, mweusi kahawia, kilo kama 10. Wanasayansi walimtangaza mwaka 1990 tu, wakina Tim Flannery na Lester Seri, ila wenyeji walimjua na kumla tangu enzi. Watu wakaongezeka, mbwa wa kuwindia wakaongezeka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa wamebaki kama 100. Mia moja mzee, dunia nzima, maana hayupo kwingine kokote.

Vijiji vikakaa na kukubaliana kusitisha uwindaji wa tenkile. Likaundwa shirika la Tenkile Conservation Alliance, na tangu 2003 likaendeshwa na mume na mke kutoka Australia, Jim na Jean Thomas, waliohamia huko wakaishi na watu. Sasa jibu la swali lako liko hapa: hawakuanza kwa kusema acheni nyama. Walianza na nyama. Wakaleta ufugaji wa sungura, kuku na samaki, ili mtoto apate kitoweo bila baba kuingia msituni na mbwa. Yakafuata matangi ya maji na vyoo. Mapatano hayo yakasambaa mpaka vijiji 50, watu zaidi ya 10,000. Tenkile wakaongezeka wakapita 300. Bado ni wachache mno, lakini kutoka kaburini kurudi uani ni safari.

Mzee wa Rungwe

Marahaba mwanangu. Hiyo ya sungura nimeielewa. Na mwindaji mwenyewe, ujuzi wake anaupeleka wapi? Mtu akijua kusoma nyayo maisha yake yote huwezi kumwambia akae tu barazani.

Mwanamisitu

Mzee, ujuzi huo ndio unaoendesha utafiti wote. Twende rasi ya Huon, mashariki mwa nchi, anakoishi kangaruu wa Matschie. Mtafiti Lisa Dabek wa bustani ya wanyama ya Woodland Park, Seattle, alianzisha mradi huko mwaka 1996. Mnyama anaishi kwenye misitu ya mawingu milimani, miti imevaa kuvumwani na kangaga, ukungu hauishi. Mzungu na darubini yake haoni kitu. Mwindaji wa pale anaona alama ya kucha kwenye gome, anajua ni ya jana au ya leo.

Wakitaka kumvisha kola ya kufuatilia nyendo, kazi inakwenda hivi. Wenyeji wakishamwona, wanakata matawi na kutengeneza uzio mfupi kuzunguka mti. Mmoja anakwea mti wa jirani. Kangaruu akimwona mtu amefika usawa wake anajitupa chini, kutoka juu kabisa. Waliosubiri wanamdaka mkia, kwa sababu ukimshika mbele kucha zile zitakuchana, kisha anaingizwa kwenye gunia. Daktari anamlaza kwa dawa, anapimwa uzito na joto, anakaguliwa mfuko kama una mtoto, anavalishwa kola, na akizinduka anarudishwa mtini. Mbinu yote hiyo ni ya uwindaji wa mababu, kilichobadilika ni mwisho wake tu. Kuna waliovishwa hata kola zenye kamera ndogo, na picha zikaonyesha wanachofanya huko juu ambako jicho la mtu halifiki.

Kisha koo zikaanza kutenga ardhi, moja baada ya nyingine. Mwaka 2009 likatangazwa eneo la hifadhi la YUS, herufi za mito mitatu: Yopno, Uruwa na Som. Lilikuwa la kwanza kutangazwa chini ya sheria ya maeneo ya hifadhi ya mwaka 1978. Sheria ilikaa miaka 31 bila kutumika, mpaka wanakijiji walipojitokeza na ardhi yao mkononi. Ndani ya YUS kuna sehemu za kulima, za kuwinda na zilizofungwa kabisa, na walinzi ni vijana wa vijiji hivyo hivyo. Wakulima wakapata soko la kahawa yao Seattle, kahawa inayokua chini ya kivuli. Kwa watu walio siku kadhaa za kutembea kutoka barabarani, ambao gunia la kahawa lilikuwa linaoza kwa kukosa usafiri, hilo ni jambo kubwa.

Na si kila mahali ilihitajika miradi. Milima ya Papua upande wa Indonesia, juu ya mita 3,000, kuna kangaruu mweusi na mweupe anaitwa dingiso. Amepanda milima mpaka miti imekuwa mifupi, kwa hiyo muda mwingi yuko ardhini, mpole kabisa. Kwa Wamoni wa huko ni mzee wa ukoo. Akikutana na mtu huinua mikono na kupiga mluzi, nao husema babu amewatambua. Kumla ni mwiko. Pale mwiko unaposhikwa yupo, pale usiposhikwa amepungua. Sayansi ilikuja kumtangaza mwaka 1995.

Kijana wa Kibaha

Mkuu nimepita hapa kusoma tu nikajikuta nimesoma yote. Vipi wale wawili wa Australia, si wako salama? Huko hakuna anayewala.

Mwanamisitu

Uwindaji siyo shida yao kubwa, shida ni ardhi, barabara na mbwa. Mmoja ni kangaruu wa Bennett, anakaa kaskazini ya mto Daintree kuelekea Cooktown, msitu wake mwingi umehifadhiwa. Mwingine ni kangaruu wa Lumholtz, mdogo kuliko wote, kilo 5 hadi 10, uso mweusi. Jina ni la Carl Lumholtz, Mnorwe aliyefika Queensland miaka ya 1880 na kuonyeshwa mnyama huyo na wenyeji.

Huyu anapenda nyanda za juu za Atherton, kwenye udongo mwekundu wenye rutuba wa volkano. Bahati mbaya walowezi waliupenda udongo huo huo. Msitu ukafyekwa kwa ajili ya mahindi na ng'ombe wa maziwa, na ule unaoitwa msitu wa Mabi, jina la mnyama huyu kwa lugha ya wenyeji, umebaki chini ya asilimia 5, tena vipande vipande katikati ya malisho. Sasa dume kijana akifukuzwa na baba yake inabidi avuke uwanda wazi kutafuta kipande kingine. Ardhini hana mbio za ndugu zake wa nyikani. Ndipo anapokutana na mbwa, au na gari usiku. Watu wa huko wanapanda miti kuunganisha vipande hivyo, na wamefanya hivyo kwa miaka mingi, kwa mikono yao. Nawaheshimu sana.

Binti wa Pangani

Nimewahi kusikia kuna mmoja aliyedhaniwa ametoweka kabisa halafu akaonekana. Ni kweli au porojo?

Mwanamisitu

Kweli tupu dada. Ni kangaruu wa Wondiwoi, milima ya rasi ya Wondiwoi huko Papua ya Indonesia. Mwaka 1928 Ernst Mayr, Mjerumani mtaalamu wa ndege ambaye baadaye alikuwa nguli wa elimu ya mageuzi ya viumbe, alipata mmoja tu. Ngozi ikapelekwa makumbusho ya London. Baada ya hapo kimya cha miaka 90, wengi wakamwandika kwenye orodha ya waliokwisha.

Mwaka 2018 Michael Smith, Mwingereza mpenzi wa mimea, si mtaalamu wa wanyama kwa kazi, alipanda huko na wenyeji. Ilibidi wakate njia katika mianzi iliyosongamana kupita mita 1,500, mahali ambapo hata wawindaji hawafiki. Wakaanza kuona mikwaruzo kwenye mashina na kinyesi. Siku za mwisho za safari wakamwona juu sana mtini, na Smith akapata picha. Mianzi ile ndiyo iliyomlinda. Hakuna mwingine aliyekuwa na sababu ya kuihangaikia.

Mama Wawili

Naongeza kidogo kwenye ile ya watoto, maana ilinitoa machozi. Bustani ya wanyama ya Adelaide, Australia, mwaka 2014: tawi lilianguka likamuua mama, kangaruu wa mitini wa Goodfellow, wale wenye mistari miwili ya dhahabu mgongoni. Mfukoni alikuwa na mtoto wa wiki tano. Umri huo hawezi kulelewa kwa chupa. Wahudumu wakamhamishia kwenye mfuko wa kangaruu wa majabali, akanyonya huko miezi mitatu na zaidi, kisha akalelewa na mhudumu mpaka akakua. Walimwita Makaia. Haikuwahi kufanyika kwa kangaruu wa mitini kabla ya hapo.

Mwanamisitu

Asante sana mama, hiyo nilikuwa nimeiweka kando kwa urefu wa uzi. Na inathibitisha udugu niliousema mwanzoni: aliyempokea ni yule yule wa majabali.

Kijana wa Kibaha

La mwisho mkuu. Nina ndugu anasoma Queensland. Akitaka kumwona mmoja kwa macho, bila kumsumbua, aende wapi?

Mwanamisitu

Aende nyanda za Atherton, siyo mjini. Miji midogo ya Malanda na Yungaburra ndiyo kitovu chao. Karibu na Yungaburra kuna hifadhi ya Curtain Fig, yenye mtini mkubwa ulioangusha mizizi kama pazia. Hicho ni kipande halisi cha msitu wa Mabi na kuna njia ya mbao ya kutembelea. Karibu na Malanda kuna mashamba ya chai ambako huonekana hata mchana kwenye miti ya pembeni. Usiku atumie tochi yenye mwanga hafifu, ikiwezekana mwekundu, asimmulike machoni muda mrefu. Atafute mkia kwanza: unaning'inia wima chini ya tawi, na kuutambua ni rahisi kuliko mwili uliojikunja kwenye majani. Na akiwa anaendesha gari huko baada ya jua kuzama, apunguze mwendo kila barabara inapopita kati ya vipande viwili vya msitu. Hapo ndipo wanapovukia.